Haki ipi hiyo? Kufumbua mjadala wa elimu na haki ya kijamii shuleni

Chukua kikao cha wazazi chenye ajenda moja tu: masomo ya ziada ya jioni kwa darasa la mtihani. Mzazi mmoja anasimama na kusema haki ni watoto wote wabaki, aliyelipa na asiyelipa, kwa sababu mtihani wanaoufanya ni mmoja. Wa pili anajibu kwamba ni haki yake kumlipia mwanawe, jasho ni lake, na haoni kosa liko wapi. Wa tatu, aliyenyamaza tangu mwanzo, anauliza: haya masomo yalipangwa na nani, na mbona mimi nayasikia leo wakati yalishaanza? Saa nzima inapita, sauti zinapanda, watu wanatawanyika wamenuniana. Kila mmoja anarudi kwake akiamini kwamba wenzake hawapendi haki.

Wote watatu wanaipenda. Ila wanajibu maswali tofauti kwa neno moja, na hapakuwa na mtu wa kuwatenganishia maswali hayo. Mijadala ya elimu na haki ya kijamii imejaa mkanganyiko wa namna hii, na unaweza kufumbuliwa.

Tunaposema haki ya kijamii

Haki ya kijamii ni swali la jinsi jamii inavyogawa vitu vya maana, kama nafasi, fedha, heshima na mamlaka, na kama mgawo huo unaweza kutetewa mbele ya yule aliyeambulia kidogo kuliko wote. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito, maana kuutetea mgawo mbele ya walionufaika nao ni kazi rahisi.

Hapo inatofautiana na haki tuliyoizoea mahakamani. Mahakama hutafuta mkosaji: nani kafanya nini, kwa nani, lini. Mwalimu akimwonea mwanafunzi, kosa lina mwenyewe. Lakini fikiria shule ambayo lango hufungwa saa moja kamili asubuhi, na wanaobaki nje kila siku ni walewale wanaotembea mwendo mrefu. Mlinzi anafuata kanuni. Mwalimu wa zamu anafuata kanuni. Mwalimu mkuu naye aliikuta kanuni hiyo alipohamia. Hakuna mwenye chuki na mtu, na bado muhula ukiisha kuna watoto waliokosa vipindi vya kwanza wiki baada ya wiki, na kama ratiba imeweka hesabu asubuhi, basi ni hesabu waliyoikosa. Dhuluma ipo, mkosaji hayupo.

Vikao vingi hukwama papo hapo. Anayelalamika anaonekana kama anamshtaki mtu, walimu wanajihami, na mazungumzo yanageuka kuwa ya nani mbaya. Ikieleweka kwamba kinachohojiwa ni mpangilio, na nia ya mtu haijaguswa, joto hupungua sana.

Mwanafalsafa wa Marekani, Nancy Fraser, ametoa mgawanyo ambao mimi nauona una msaada mkubwa kwa watu wa shule. Kwake yeye, madai ya haki yana pande tatu: mgawo, yaani nani anapata nini, kutambuliwa, yaani nani anaheshimiwa jinsi alivyo na nani anadharauliwa, na uwakilishi, yaani nani ana sauti pale mambo yanapoamuliwa. Sasa watazame wale wazazi. Wawili wa kwanza wanavutana juu ya mgawo. Wa tatu hauzungumzii mgawo kabisa, anadai sauti. Na suala la kutambuliwa, ingawa halikutajwa, lilikuwamo chumbani: ni mzazi gani angenyanyuka mbele ya majirani zake kutangaza kwamba yeye ndiye huyo "asiyelipa" anayejadiliwa?

Kilekile kwa wote

Mkanganyiko mkubwa kuliko yote uko kwenye mgawo. Wengi tumelelewa tukiamini kwamba kutenda haki ni kumpa kila mtoto kitu kilekile, na kwa mambo mengi hiyo ndiyo njia bora. Kura ni moja kwa kila mtu. Mtihani husahihishwa kwa mwongozo mmoja. Anayetaka kuvunja usawa huo awe na sababu nzito.

Kuna picha huzunguka sana mitandaoni: watu watatu wa vimo tofauti wanachungulia mchezo juu ya uzio. Upande mmoja kila mmoja kapewa sanduku moja la kusimamia, na mfupi bado haoni. Upande wa pili mrefu hana sanduku, mfupi ana mawili, na wote wanaona. Asili yake ni mchoro wa mwaka 2012 wa Craig Froehle, profesa wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, kisha watu wakaubadilisha kila mmoja kwa namna yake. Ni picha inayoeleweka haraka, ila ina kasoro inayopotosha mijadala: inaonyesha kana kwamba tatizo ni ufupi wa mtu. Shuleni mara nyingi watoto vimo vyao havipishani sana, ardhi waliyosimama ndiyo yenye mashimo. Tena picha haiulizi uzio uliwekwa na nani.

Kesi moja ya kweli inaeleza jambo hili vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini San Francisco, watoto takriban 1,800 wenye asili ya China walikuwa wakikaa katika madarasa ya Kiingereza bila kukijua Kiingereza na bila msaada wowote wa lugha. Wenye shule walijitetea kwamba watoto hao wanapata kilekile wanachopata wengine. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Lau v. Nichols, ilisema kutoa majengo, vitabu, walimu na mtaala uleule hakujawa kuwatendea sawa, kwa kuwa mtoto asiyeelewa lugha amefungiwa nje ya elimu yoyote ya maana.

Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1954, mahakama hiyohiyo katika shauri la Brown v. Board of Education ilikuwa imeamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma kunavunja katiba, hata kama majengo na vifaa vinalingana. Ziweke hukumu hizo mbili pamoja. Moja inasema kuwatenga watoto ni dhuluma hata vitu vikifanana. Nyingine inasema kuwaweka pamoja na kuwapa vitu vinavyofanana kunaweza pia kuwa dhuluma. Hakuna kanuni ya mkato hapo, inabidi kutazama kinachompata mtoto mwenyewe.

Neno "upendeleo" huingia katika hatua hii, na halipaswi kupuuzwa. Watu wako kwenye foleni ya zahanati tangu alfajiri, analetwa mgonjwa anayevuja damu, nesi anampitisha mbele. Hakuna anayelalamika. Hitaji linaonekana kwa macho, na kila aliye kwenye foleni anajua kwamba ikitokea ni yeye anayevuja damu, naye atapitishwa. Shuleni ni vigumu zaidi. Mtoto aliyelala na njaa, asiyesikia vizuri kwa sikio moja, au anayelea wadogo zake kwa sababu mama ni mgonjwa, hatoki damu. Tena kanuni ya kupitishwa mbele haijaandikwa popote, kwa hiyo mzazi mwingine hana uhakika kwamba siku mambo yakimwendea kombo naye atakumbukwa. Ndipo msaada unapoitwa upendeleo. Kuacha kusaidia hakuponyi hilo. Kinachoponya ni kuiweka kanuni wazi: kinatolewa nini, kwa hitaji gani, nani anathibitisha, na kwa muda gani. Siri ibaki kwenye majina ya watoto tu. Shule inayogawa misaada kimyakimya ofisini, hata kwa nia safi kabisa, inajitafutia maneno.

Bure yenye bei

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba ada ikifutwa, hoja ya haki imekwisha. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linasema elimu iwe bure angalau katika hatua za mwanzo na za msingi. Nchi nyingi zilichukua miaka mingi kulitimiza: Malawi ilifuta ada za shule za msingi mwaka 1994, Uganda ikafuata 1997, Kenya 2003. Nchini Kenya idadi ya wanafunzi wa msingi iliongezeka kwa zaidi ya milioni moja, na mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, aliyesema ana miaka 84, akavaa sare na kuketi darasa la kwanza. Kumbe ada peke yake ilikuwa imewafungia mlango watu wengi kiasi hicho. Anayesema kufuta ada ni porojo za wanasiasa aitazame idadi hiyo tena.

Lakini mlango ukifunguliwa, maswali mengine huingia pamoja na watoto. Madarasa hufurika, madawati hayatoshi, mwalimu anashindwa hata kuyajua majina. Mtoto ameandikishwa, je, anajifunza? Haki ya kuingia darasani na haki ya kujifunza ni vitu viwili, na ile ya kwanza hupewa sifa zaidi kwa kuwa huhesabika kwa daftari la mahudhurio. Kisha kuna sare, viatu, madaftari, michango ya hiki na kile, karatasi za majaribio. Na kuna gharama ambayo haimo kwenye risiti yoyote, nayo ni saa za mtoto. Anayechota maji kabla ya shule na kulea wadogo zake jioni analipia elimu yake kwa usingizi.

Kazi ya nyumbani inaonyesha jambo hili kwa karibu. Mwalimu ametoa maswali kumi ya sehemu. Mtoto mmoja ana meza, taa, na dada aliyemaliza sekondari wa kumwuliza. Mwingine anaandikia mapajani akikimbizana na giza, na mdogo wake mgongoni. Kesho yake mwalimu ana madaftari mawili mbele yake: moja safi, majibu yote kumi, mistari imepigwa kwa rula, lingine majibu manne, la tano limeishia katikati, na ukurasa una doa la mafuta. Anasahihisha bila kumwonea mtu, 10 kwa 4. Hakuna alama aliyoikosea. Ila kilichopimwa hapo ni hesabu na nyumba kwa pamoja, na kwenye ripoti ya muhula itaandikwa "hesabu" peke yake.

Mwalimu hawezi kumnunulia kila mtoto meza. Anaweza, hata hivyo, kuacha nusu saa ya mwisho ya siku ili kazi ifanyike palepale shuleni, au kuitumia kazi ya nyumbani kama mazoezi yasiyoingia kwenye alama za muhula. Hatua hizo hazihitaji mfadhili wala kibali cha wizara.

Hapa pia ndipo "kilekile kwa wote" hurudi ikiwa na nguvu mpya. Finland ilipitisha mwaka 1943 sheria ya kuwapa wanafunzi chakula cha shule bila malipo, ikaanza kutumika kikamilifu mwaka 1948. Anakula mtoto wa tajiri, anakula wa maskini. Kwa hesabu ya harakaharaka ni ufujaji, kwani wa tajiri wa nini? Lakini kwa kuwa wote wanakula, hakuna aliyetiwa alama. Linganisha na orodha ya "wasiojiweza" inayosomwa kwa sauti mbele ya shule nzima ili waende kuchukua daftari za msaada. Mgawo umetimia, heshima imepotea, na wapo watoto ambao wangependelea kukosa daftari kuliko kusikia jina lao likitajwa. Maoni yangu ni kwamba kitu kinachoonekana mbele ya wenzao, kama chakula au safari ya mafunzo, ikiwezekana kiwe cha wote. Na kile kinachohitaji ujuzi maalumu, kama kifaa cha kusikia au vitabu vya nukta nundu, kimfuate mwenye hitaji.

"Aliyefeli kazembea"

Juhudi zina maana, na kumwambia mtoto wa nyumba maskini kwamba bidii yake haisaidii ni kumwongezea mzigo. Ila sentensi hiyo ya "kazembea" inataka kueleza zaidi ya uwezo wake. Mwaka 1966 nchini Marekani ilitoka ripoti iliyoongozwa na mwanasosholojia James Coleman, iliyowahusisha wanafunzi zaidi ya 600,000. Ilikuta kwamba hali ya nyumbani ilihusiana na ufaulu kwa nguvu zaidi kuliko tofauti za majengo na vifaa kati ya shule na shule. Wapo walioisoma kama tangazo kwamba shule hazina kazi. Hiyo ni kuisoma vibaya. Inachoonyesha ni kwamba mbio hazikuanza siku ya kwanza ya shule.

Shule nayo ina mchango wake. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha jaribio ambalo bado linabishaniwa. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani wangechanua mwaka huo. Majina yaliokotwa tu, bila kigezo. Mwisho wa mwaka watoto hao, hasa wa madarasa ya chini, walikuwa wamepanda zaidi kwenye kipimo cha akili kuliko wenzao. Watafiti waliofuata wamekosoa mbinu za jaribio hilo, na mara nyingi wamekuta athari ndogo kuliko ilivyotangazwa mwanzoni. Hata hiyo ndogo inatosha kuuliza swali: matarajio ya mwalimu nayo yanagawiwaje? Anayetaka jibu kwa darasa lake aangalie jambo moja tu. Mtoto akikosea swali, ni nani hupewa nafasi ya kujaribu tena, na ni nani husikia "keti, mwingine"?

Karibu na hapo kuna hofu ya kushusha viwango. Hofu hiyo huchanganya lengo na njia. Mwanafunzi asiyeona akipewa swali kwa nukta nundu, swali halijawa jepesi hata kidogo. Akipewa muda wa ziada kwa sababu nukta nundu husomwa polepole, bado anatakiwa kutoa jibu lilelile. Ipo sera nyingine kabisa, ya kuweka alama tofauti za kuingilia kwa makundi tofauti, na hiyo ina faida zake na gharama zake ambazo watu waungwana wanaweza kutofautiana juu yake. Wanaokosea ni wale wanaoichukua sera hiyo moja na kuitumia kukataa kila kitu, hadi njia ya kiti cha magurudumu.

Nani yumo, nani yumo kwa jina

Unaweza kuwa na dawati, kitabu na sare, na bado ukafundishwa kila siku kwamba mahali hapa si pako. UNESCO imewahi kukadiria kwamba takriban asilimia 40 ya watu duniani hawapati elimu kwa lugha wanayoizungumza au kuielewa. Mtoto wa namna hiyo huitwa mzito wa kuelewa kabla hajapata nafasi ya kueleweka.

Nidhamu ni eneo jingine. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2011–12 zilionyesha kwamba asilimia 16 ya wanafunzi weusi walisimamishwa masomo, ikilinganishwa na asilimia 5 ya weupe. Takwimu kama hizo hazisemi sababu zenyewe, na anayezirusha mezani kama hukumu anaharibu hoja yake. Kazi ya takwimu ni kulazimisha swali liulizwe. Na kila shule inaweza kujiuliza lililo lake: daftari la adhabu la muhula uliopita lina majina gani? Mangapi yanajirudia? Wangapi waliadhibiwa kwa kuchelewa, na wanaishi umbali gani? Wangapi kwa kukosa sare? Ni kazi ya mchana mmoja kwa kalamu na karatasi, nayo hutoa mwanga kuliko warsha nyingi.

Wasichana waliopata ujauzito wamekuwa mfano mkali wa kuwa nje kabisa. Kenya ina mwongozo wa kuwarudisha shuleni tangu mwaka 1994. Tanzania iliwaruhusu kurudi katika mfumo rasmi Novemba 2021. Waraka huondoa kufuli la lango. Macho ya watu siku ya kwanza, jina la utani, mwalimu anayemtolea mfano mbele ya darasa, hayo waraka hauyafikii, na ndiyo yanayoamua kama atarudi siku ya pili.

Kwa watoto wenye ulemavu, Azimio la Salamanca la 1994 lilihimiza shule za kawaida zipokee watoto wote. Kupokea kulikokusudiwa ni kwamba shule ijibadilishe. Kumweka mtoto kiziwi nyuma ya darasa bila mtu mwenye lugha ya alama ni kumhifadhi tu.

Nani anaamua

Upande huu wa tatu, wa uwakilishi, ndio husahaulika, na kwa maoni yangu ndio unaoamua hatima ya hizo mbili za kwanza. Tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kupinga Kiafrikaans kulazimishwa kuwa lugha ya kufundishia masomo fulani, na polisi wakawafyatulia risasi. Tukio hilo husimuliwa kama ugomvi wa lugha. Lilikuwa pia ugomvi wa uamuzi: wazazi, walimu na bodi za shule walikuwa wamepinga kabla ya siku hiyo, na serikali ya ubaguzi haikuwasikiliza.

Shule ya kawaida haina risasi, lakini ina njia zake za kutosikiliza. Kikao huitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, kisha wasiofika wanaitwa wazazi wasiojali. Taarifa hutolewa kwa maandishi kwa watu ambao wengine hawasomi. Mambo mazito huachwa hadi "mengineyo", watu wameshaanza kutafuta viatu. Wanaozungumza ni walewale watano, na muhtasari huandika "wajumbe walikubaliana".

Yule mzazi wa pili, wa "jasho langu", naye ana hoja inayostahili jibu. Ibara ileile ya 26 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu inasema wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Akimtafutia mwanawe mwalimu nyumbani, sioni mwenye neno. Mambo hubadilika pale masomo ya kulipia yanapofanyika katika chumba cha umma, na mwalimu yuleyule aliyelipwa kufundisha asubuhi. Mwalimu anayejua mada ngumu itamletea kipato jioni amewekwa kwenye kishawishi ambacho hakupaswa kuwekwa, na mtoto asiyelipa anapoteza hata kile alichokuwa nacho asubuhi. Kuliona hilo hakuhitaji kumshuku mwalimu yeyote.

Husemwa pia kwamba haya yote ni siasa, na siasa ikae nje ya shule. Kama siasa ni vyama na kampeni, naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini shule imeshaamua lango lifungwe saa ngapi, nani akae mbele na nani aende mkondo gani. Kuyahoji hayo hakuleti siasa mpya. Na kwa wanaosema ni fikra za kuletwa kutoka nje, sera ya Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1967, iliikosoa elimu ya kikoloni kwa kupandikiza ukosefu wa usawa na kuwaandaa wachache huku ikiwaacha wengi. Mjadala huu una mizizi mirefu kwetu kuliko mitandao.

Kuna mipaka pia. Shule haiwezi kupandisha mishahara ya wazazi wala kusogeza nyumba karibu. Kamati ikijaribu kutatua umaskini wote wa eneo lake itachoka na kukata tamaa kabla mwaka haujaisha. Inachoweza ni kutenganisha yaliyo mikononi mwake, kama saa ya lango, kanuni ya adhabu, namna ya kugawa misaada na muda wa vikao, na yale ya kupeleka juu kwa maandishi, kama uhaba wa walimu, ikiwa na hesabu zake tayari.

Wanaosahaulika kabisa katika kuamua ni wanafunzi wenyewe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kumsimamisha kiranja mmoja mbele ya mgeni rasmi asome risala iliyoandikwa na mwalimu hakutimizi hilo. Vikaratasi visivyo na majina vinatosha kuanzia, swali moja tu: ni kanuni gani ya shule hii inakuumiza, na ungeiandikaje wewe? Watakaojibu kwa utani wawepo, ndivyo watoto walivyo. Yaliyobaki yapangwe kwa mafungu, yapewe nafasi ya kwanza kwenye ajenda ya kikao kijacho, na mwalimu mkuu abandike ubaoni majibu yake: hili tunabadilisha kuanzia Jumatatu, hili tunalipeleka wilayani, na hili hatubadilishi, kwa sababu hizi.